Kadi za picha na ubao wa mawasiliano kwa watoto shuleni: maswali ambayo walimu na wazazi wa Mtwara na Lindi huuliza

Maswali haya nimeyapata kwenye vikao vya wazazi, kwenye ofisi za walimu, na mara nyingi njiani, mama akinisimamisha na mtoto mgongoni. Nimeanza na ya msingi, yale magumu yako mwishoni. Kila jibu linajitegemea. Jambo likiwa limeshaelezwa kwingine, nimetaja namba ya swali.

## Ya msingi

1. Hizi kadi na mbao za picha ni kitu gani hasa?

Ni picha anazozitumia kusema mtoto asiyesema, au anayesema maneno ambayo ni mama yake tu anayeyaelewa. Kadi ni picha moja moja anayoweza kuishika na kumpa mtu. Ubao wa mawasiliano ni karatasi ngumu yenye picha nyingi kwa safu, naye huonyesha kwa kidole. Ratiba ya picha ni jambo jingine: hiyo humweleza mtoto siku yake itakavyokwenda (swali la 9).

Usizichanganye na chati za ukutani. Chati ni ya mwalimu na somo lake. Kadi ya mawasiliano ni mali ya mtoto, inakwenda naye chooni, uwanjani na nyumbani. Ukiifungia kabatini saa nane mchana, umemfungia mdomo mpaka kesho asubuhi.

2. Zinamfaa mtoto wa namna gani?

Mwenye usonji, mwenye ulemavu wa akili, mwenye ugonjwa wa Down, aliyepooza ubongo (wengi huku husema mtindio wa ubongo), na yule aliyekuwa akisema vizuri kisha malaria ikampanda kichwani, akaamka na maneno yamepotea. Pia mtoto anayesema nyumbani lakini shuleni hafungui kinywa.

Hakuna umri wa chini wala mtihani wa kustahili. Nimesikia mara nyingi: "Subiri kwanza ajue kutulia." Wengi hawatulii kwa sababu hawajapewa njia ya kusema. Jambo moja tu lifanyike mapema: apimwe masikio. Mtoto asiyesikia anahitaji kitu zaidi ya picha (swali la 4).

3. Je, picha hazitamfanya awe mvivu wa kusema?

Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote, na huwa naona hofu machoni pa anayeuliza. Jibu ni hapana. Mwaka 2006 watafiti watatu, Millar, Light na Schlosser, walichapisha mapitio ya tafiti zilizokuwepo. Kati ya watu 27 ambao ushahidi wao ulikuwa imara zaidi, hakuna hata mmoja aliyepungukiwa na usemaji kwa kutumia njia hizi. Asilimia 89 waliongeza usemaji, ingawa wengi wao kwa kiasi kidogo.

Sababu haifichiki ukikaa na mtoto. Kila anapogusa picha ya maji, mtu aliye mbele yake hutamka "maji". Kwa siku anaweza kulisikia neno hilo mara ishirini, wakati uleule ambao kiu iko kooni. Na ule wasiwasi wa kubanwa, "Sema! Sema kwanza ndipo nikupe!", unaondoka. Mtoto asiyebanwa hujaribu sauti.

Siwezi kukuahidi kwamba wako atasema. Wengine hawatasema kwa kinywa maisha yao yote. Hao ndio wasioweza kucheleweshewa picha.

4. Si bora afundishwe lugha ya alama?

Kwa mtoto kiziwi, ndiyo, bila mjadala. Lugha ya Alama ya Tanzania ni lugha kamili yenye sarufi yake, na ubao wa picha arobaini hauwezi kuchukua nafasi yake. Picha zitamsaidia sokoni au kwa jirani asiyejua alama.

Kwa mtoto anayesikia lakini hasemi, vyote viwili vinaweza kwenda pamoja. Alama hazisahauliki nyumbani, mikono yuko nayo siku zote. Picha nazo, hata kondakta huzielewa. Mwenye vidole vigumu ataanza na picha au macho (swali la 15).

## Kutengeneza

5. Nianze na picha zipi?

Ubao wangu wa kwanza ulikuwa na picha nne: maji, chakula, choo, kulala. Niliona nimefanya kazi kubwa. Mvulana niliyemtengenezea aliutumia siku tatu, kisha kila nilipouweka mezani aliusukuma kwa kiganja mpaka unadondoka. Nikauokota, akausukuma. Nilichukua muhula mzima kuelewa kwamba alikuwa ananiambia jambo ambalo sikuwa nimemwekea: sitaki. Siku niliyoongeza picha hiyo, aliigonga kwa kidole mara tano mfululizo, akaniangalia, akacheka.

Kwa hiyo usimpe mtoto vitu vya kuomba peke yake. Watu hatuishi kwa kuomba maji. Mpe za kukataa, kuita, kulalamika, kusifu na kutania. Orodha yangu ya kuanzia sasa ni hii: nataka, sitaki, tena, imeisha, njoo, nisaidie, inauma, angalia, nzuri, mbaya, nani, wapi. Kisha majina ya watu wake, kwa picha zao halisi, na vitu anavyovipenda yeye, si unavyovipenda wewe.

Na weka shikamoo. Huku kwetu mtoto anayepita mbele ya mzee kimya huitwa hana adabu, na mama yake ndiye anayelaumiwa. Nimemwona msichana akimfikia mzee aliyeketi barazani, akaweka kidole kwenye picha ile na kusubiri. Mzee aliinama kuitazama, akasema "Marahaba, mwanangu," na kuanzia siku hiyo akawa anamwita kila akipita.

6. Kiswahili kina viambishi vingi. Maneno ya ubao yaandikwe vipi?

Swali zuri sana, na wengi hukosea hapa kwa sababu hunakili mbao za Kiingereza neno kwa neno. Kwenye Kiingereza kukataa ni neno dogo la pembeni. Kwetu kukataa kumo ndani ya kitenzi: nataka, sitaki. Tengeneza kadi mbili tofauti. Ukimpa "nataka" na "hapana" ayaunganishe mwenyewe, unamfundisha sentensi ambayo hakuna Mswahili anayeisema.

Vitenzi viandike kwa "ku": kula, kunywa, kucheza, kwenda, kulala. Vikifuata "nataka" sentensi inasimama yenyewe: nataka kucheza. Majina nayo hukaa palepale: nataka uji. Kadi moja inafungua njia mbili.

Neno la kuongeza lina kazi mbili kwetu. Kwa kitendo tunasema "tena": bembea tena. Kwa chakula tunasema "ongeza". Weka zote. Ngeli zisikusumbue, andika "nyingine" na iishie hapo, hata kama kwa kiti ingekuwa kingine.

Mtoto akigusa mama, kwenda, sokoni, usimsahihishe. Msomee kwa Kiswahili kamili: "Eeh, mama ameenda sokoni." Viambishi unavijaza wewe kwa sauti, naye atavisikia mpaka vimkae.

7. Picha nizipate wapi? Nichore, nipige kwa simu au nichapishe?

Kwa anayeanza, piga kwa simu kitu chenyewe: kikombe chake, mlango wa choo cha shule, uso wa dada. Weka kitu kimoja tu kwenye picha, nyuma pawe peupe. Ukimpiga shangazi mbele ya duka, mtoto anaweza kuona duka.

Kwa maneno yasiyoshikika kama "tena" au "wapi" utahitaji michoro. ARASAAC, mkusanyo wa Serikali ya Aragón nchini Hispania, una maelfu ya michoro iliyochorwa na Sergio Palao. Inatolewa bure mtandaoni, na unaweza kubadili rangi ya ngozi na nywele kabla ya kupakua. Masharti yake: taja chanzo, usiiuze.

Lakini chagua kwa macho ya mtoto wa hapa. Chakula kilichochorwa kama mkate na uma hakimwambii kitu mtoto aliyelelewa kwa ugali wa muhogo na samaki. Msimu wa ming'oko, awe na picha ya ming'oko. Choo cha kukalia hakifanani na cha kuchuchumaa. Kwa mtoto wa uwanda wa Makonde, kule Newala au Tandahimba ambako maji ni ya taabu, maji ni dumu na ndoo, wala si bomba linalomwagika.

Michoro ya mkono inatosha kabisa. Andika neno chini ya kila picha, ili mtu mzima yeyote alitamke vilevile.

8. Sina hela ya laminesheni. Zitadumu?

Zitadumu ukizijengea. Kata boksi gumu, bandika picha, kisha zungushia selotepu pana ya kufungia maboksi pande zote mbili, ipite ukingo kidogo ili maji yasiingie. Pwani hii joto na unyevu wa chumvi hukunja karatasi tupu ndani ya wiki. Usitumie gundi ya unga wa muhogo: mende na panya watakula kadi pamoja na picha.

Velkro, ule utepe wa kunata na kubandua, ikikosekana, toboa kona na upitishe kamba au waya wa pete. Kadi zining'inie kiunoni au kwenye begi, kamwe si shingoni. Kamba ya shingoni inaweza kumkaba akikimbia au akipanda mwembe. Tengeneza nakala mbili, moja ibaki shuleni.

## Darasani

9. Ratiba ya picha inafanyaje kazi?

Inamwonyesha mtoto kinachokuja na kinachokwisha. Mstarini, kusoma, uji, mapumziko, kuhesabu, nyumbani: picha sita zilizopangwa kwenda chini. Mimi huzipanga kutoka juu kwenda chini kwa sababu watoto wengi wa pwani hupita pia madrasa, ambako maandishi huanzia kulia, na safu ya kusimama haiwachanganyi. Kila jambo likiisha, mtoto mwenyewe abandue picha na kuitia kwenye bahasha ya "imeisha". Kule kubandua ndiko kunakofundisha.

Chuo Kikuu cha North Carolina, Marekani, ndiko mpango wa TEACCH ulikokuza njia hii kwa watoto wenye usonji tangu miaka ya 1970. Kwa mtoto ambaye picha sita ni nyingi, tumia mbili: kwanza, halafu. Kwanza kuhesabu, halafu mpira. Na ukisema mpira, mpira uwepo. Mara moja tu ukimdanganya, ubao huo umekufa.

10. Mtoto wangu hajui kabisa kwamba picha inasema. Nianzie wapi?

Kuna mfumo wa kubadilishana picha uitwao PECS, ulioanzishwa mwaka 1985 na Andy Bondy na Lori Frost huko Delaware, Marekani. Una hatua sita. Ya kwanza inahitaji watu wazima wawili. Mmoja anakaa mbele ya mtoto akiwa na kitu anachokipenda kwelikweli, tuseme kipande cha embe. Kadi ya embe iko mezani. Mtoto akinyoosha mkono kuchukua embe, mtu wa pili aliye nyuma yake anauongoza mkono uichukue kadi na kuitia kiganjani mwa yule wa mbele. Papo hapo wa mbele anasema "Embe!" na kumpa.

Wa nyuma hasemi neno. Wala wa mbele haulizi "Unataka nini?" Mtoto aanze mwenyewe, kwa sababu akizoea kuulizwa atakaa na njaa mpaka aulizwe. Baadaye anajifunza kukufuata ulipo, kuchagua kati ya picha mbili, kuunga "nataka" na kitu, na hatimaye kusema anachokiona au kukisikia.

Tahadhari moja: mtoto aliyepooza ubongo anaweza kukabwa na chakula kigumu. Usimpe korosho wala karanga. Tumia sauti, mwanga au bembea badala yake.

11. Nimeweka ubao mezani wiki mbili na hagusi. Nimekosea?

Wewe unaugusa? Mtoto anayesema alisikia maneno mwaka mzima kabla ya kutoa la kwanza. Wa picha naye lazima akuone ukizungumza kwa picha, bila kumdai arudie. Ukisema "Uji umeisha," gusa uji, gusa imeisha. Ukichoka, gusa mbaya. Ukimtania, gusa hapo pia. Wiki mbili ni muda mfupi, hesabu miezi.

Halafu subiri. Ukiuliza, hesabu kimoyomoyo mpaka kumi kabla hujafungua kinywa tena. Walimu tunaona kumi ni karne.

12. Darasa langu lina watoto wengi mno. Nitapata wapi muda?

Hutapata muda wa pembeni, kwa hiyo usiutafute. Chora ubao mkubwa mmoja kwenye karatasi ya manila, uweke mbele, na utumie na darasa zima: "Tumemaliza", "Tena", "Nani?" Wenzake ndio walimu wako wasaidizi. Watoto wa darasa la kwanza hujifunza kusoma ubao wa mwenzao kwa siku mbili na huwa hawachoki. Ila wafundishe jambo moja: wasimjibie.

13. Kishikwambi si bora kuliko makaratasi?

Kinasaidia. Vishikwambi vilivyotumika kwenye Sensa ya 2022 vilikwenda kwa walimu, na vinaweza kubeba programu ya ubao wenye sauti. Kwa sauti, mrekodi mtoto wa rika lake na jinsia yake. Msichana wa miaka saba asitoe sauti ya mwanaume.

Hata hivyo ubao wa karatasi uwepo siku zote. Chaji huisha, mvua hunyesha, na mwalimu akihamishwa huondoka na kishikwambi.

## Nyumbani

14. Nyumbani tunasema Kimakonde, shuleni Kiswahili. Ubao uwe wa lugha gani?

Picha haina kabila. Samaki ni samaki, awe wa Kimakonde, Kimwera, Kiyao au Kimakua. Kinachobadilika ni sauti ya mtu mzima anayetamka. Andika Kiswahili juu, na kama bibi hasomi Kiswahili, neno la nyumbani chini. Usimkataze bibi kusema lugha yake eti mtoto atachanganyikiwa. Anayelelewa kwa lugha mbili anazielewa zote mbili.

Bibi huyohuyo akisema "mnamfanya bubu," msomee jibu la swali la 3, kisha mpe kadi moja tu ya kuanza nayo. Ya shikamoo hufaulu.

## Hali za pekee

15. Mikono yake haishiki wala haionyeshi. Afanyeje?

Atumie macho. Tulikata boksi la sabuni tukabaki na fremu, katikati uwazi wa kutosha uso wangu, picha nne kwenye kona. Nilikaa mbele ya msichana wa miaka tisa ambaye watu wote walikuwa wakimlisha, kumbeba na kumsemea. Nikauliza tufanye nini. Macho yake yalikwenda kona ya juu kushoto, yakarudi usoni kwangu, yakaenda tena kona ileile. Ilikuwa picha ya ngoma. Tukapiga meza, naye akatoa sauti ambayo mama yake aliisikia akiwa nje.

Picha ziwe mbali kwa mbali, ili usikisie macho yameelekea wapi. Kama hata macho hayatulii, wewe taja au gusa picha moja moja taratibu, naye akubali kwa ishara yoyote anayoimudu: kupepesa, kutabasamu, kuinua kidole.

16. Na asiyeona?

Vitu vya kugusa. Kijiko ni uji, kipande cha kamba ya bembea ni kucheza, kipande cha mkeka ni kulala. Kitu kiwe kilekile kila siku.

17. Anatafuna kadi, au anazitupa.

Kutafuna: tumia kipande cha plastiki ngumu au ubao mwembamba, ukingo umelainishwa. Kutupa: angalia anatupa ipi na wakati gani. Mara nyingi ni "sitaki" isiyo na picha (swali la 5).

18. Anaomba biskuti kutwa nzima. Niifiche kadi?

Usiifiche. Mtu akisema jambo usilotaka kulisikia humzibi mdomo. Mwambie kwa picha: biskuti imeisha, halafu uji. Bandika alama nyekundu juu ya kadi kuonyesha kwa sasa hakuna. Atalia, na kilio hicho utakivumilia pamoja naye.

19. Mwalimu amemnyang'anya ubao kama adhabu. Ni sawa?

Si sawa, na si suala la hisia tu. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, na ibara yake ya 2 inahesabu njia mbadala za mawasiliano kuwa mawasiliano kamili. Mwaka uliofuata tukapata Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010. Anza kwa kuongea na mwalimu kwa upole; wengi wanadhani ni kifaa cha kuchezea. Usiposikilizwa, nenda kwa mkuu wa shule, kisha ofisi ya elimu ya halmashauri, umuulize anayeshughulikia elimu maalumu.

20. Kuna ulazima wa kuweka picha za sehemu za siri?

Upo. Mtoto asiyesema ndiye anayechaguliwa na mtu mbaya, kwa sababu hawezi kusimulia. Weka mchoro wa mwili mzima, mbele na nyuma, bila kuruka kiungo, pamoja na inauma, acha, naogopa, siri, na picha za watu wote wanaomzunguka, wakiwemo jamaa na walimu, mimi nikiwemo. Ukurasa huu ukae nyuma ya kitabu chake, usitolewe hata mzazi akiona haya. Ongea naye kwanza.

21. Likizo ya Desemba anaingia jando. Kadi ziende naye?

Ziende. Wazazi wengi huziacha nyumbani kwa kuheshimu kumbi, yaani kambi ya jando, au kwa kuogopa kuulizwa. Nenda wiki mbili kabla, baba au mjomba azungumze na ngariba na atakayemwangalia mtoto kule. Usipeleke kitabu kizima. Picha sita zatosha, kwenye kamba ya kiunoni: inauma, maji, chooni, naogopa, acha kidogo, mwite baba. Yule mwangalizi ajifunze mbele yako kuzisoma, na mtoto amwone akizigusa.

Sisitiza ile ya inauma. Kidonda kikianza kuharibika, mwenzake atapiga kelele usiku huohuo na watu wataamka. Wako atanyamaza, na huenda watu wakamsifu kwa uvumilivu. Mwangalizi amwonyeshe picha hiyo kila asubuhi na kila jioni, asubiri, na akiigusa apelekwe kwenye zahanati siku hiyohiyo.